Kofia Iliyokataa Kukaa Kichwani

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani hapa Tanga, kwenye moja ya zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Nimeshona kanzu za maharusi, sare za shule, mapazia ya msikiti, na mara moja tanga la ngalawa, kazi ambayo sitaipokea tena. Kwa hiyo siku tano kabla ya Idi, nilipomshonea mwanangu wa kwanza kofia na kofia ile ikakataa kukaa kichwani, nililaumu kofia.

Nikaifumua. Nikapima kichwa upya kwa tepu, nikakata kitambaa kingine, nikashona, nikamvisha. Ikateremka upande wa kulia kama imelewa. Nikafumua tena. Mara ya tatu mke wangu, aliyekuwa uani akichoma vitumbua vya futari, akaja mpaka mlangoni na kijiti chake cha kugeuzia mkononi, akatazama kidogo, akasema: "Baba Mzee, kofia haina kosa. Hebu mwangalie mtoto kwa juu."

Nikamwangalia kwa juu, jicho moja nimelifumba, kama ninavyokagua mabega ya koti. Kisogo upande wa kulia kilikuwa bapa, kama embe lililoivia kwenye tenga likilalia ubavu mmoja. Sikio la kulia lilikuwa limesogea mbele kidogo kuliko la kushoto. Nikapitisha tepu mshazari, kutoka paji la kushoto mpaka kisogo cha kulia, kisha mshazari wa pili. Tofauti ilikaribia unene wa kidole changu kidogo. Fundi ninayepima watu kila siku, mtoto wangu mwenyewe nilikuwa sijamwona.

Mzee ndilo jina tunalomwita, maana amechukua jina la baba yangu, na mtu hawezi kumkemea baba yake kwa jina lake. Wakati huo alikuwa na wiki tisa na siku kadhaa.

Ili ieleweke tulifikaje hapo, nirudi nyuma kidogo. Mzee alizaliwa Januari, kaskazi ikiwa imekolea, joto la kumfanya mtu alale barazani. Mke wangu alikaa arobaini yake kwa mama yake, Makorora, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza. Nilikuwa nakwenda kila jioni na baiskeli, na mara nyingi nilikuta mtoto anakogeshwa. Mama mkwe alikuwa akiketi chini, ananyoosha miguu yote miwili juu ya beseni, anajifunga kanga vizuri, anamlaza mtoto kifudifudi juu ya miundi yake na kumwagia maji ya uvuguvugu mgongoni kwa kiganja. Akishamfuta, anamrudisha hapo hapo kifudifudi, anampaka mafuta ya nazi, anamkanda taratibu toka mabegani mpaka kiunoni. Mtoto anagumia, anainua pua yake, kichwa kinayumba, kinaanguka, anainua tena. Mimi nilidhani naona mtoto anakogeshwa. Sikuuliza kitu.

Arobaini ilipokwisha wakarudi nyumbani, na Ramadhani ikaingia. Kwa fundi, Ramadhani si mwezi wa kufunga tu. Ni mwezi wa kanzu, madira na magauni ya watoto, kila mtu anataka yake iwe tayari usiku wa mwandamo. Nilikuwa nashona mpaka saa nane za usiku. Mke wangu naye, akiwa mbali na mama yake, akawa anasoma kwenye simu. Humo akakuta habari ya vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini, na ushauri kwamba mtoto alazwe chali. Ushauri ule ni wa kweli, na ningeomba asiyeufuata aanze usiku wa leo. Tatizo ni kwamba sisi tuliufuata kupita kiasi. Mzee akawa chali usiku, chali mchana, chali akilala, chali akiwa macho. Hata kumkogesha tukaanza kumweka chali ndani ya beseni la plastiki, kwa kuwa mke wangu aliogopa kumlaza miguuni kama mama yake, angeteleza.

Na kitanda chetu kimegusa ukuta upande mmoja. Mtoto akilazwa chali, kushoto kwake kuna ukuta usio na lolote, kulia kuna mlango, mwanga, sauti ya cherehani na uso wa mama yake. Mtu mwenye akili timamu angetazama wapi? Akatazama kulia wiki tatu nzima.

Chanjo ya wiki ya kumi iliangukia baada ya Idi, hivyo tukangoja. Idi yenyewe Mzee aliisherehekea bila kofia. Kliniki, baada ya mizani na sindano, nikamwomba nesi amtazame kichwa. Akatutuma hospitali, chumba cha mazoezi ya viungo, kwa dada mmoja wa fiziotherapia. Nilikwenda mimi pamoja na mke wangu, na nilikuwa mwanamume pekee kwenye benchi lile.

Dada yule alimvua Mzee nguo, akamlaza chali, akakishika kichwa kwa viganja viwili na kukigeuza polepole kulia, kikafika mpaka kidevu kikawa juu ya bega. Akakigeuza kushoto. Kikafika nusu ya safari, mtoto akaanza kulalamika. Akanionyesha kwa kidole msuli unaotoka nyuma ya sikio kushuka mpaka kwenye mtulinga, akasema umeanza kukaza kwa sababu ya kukaa namna moja. Akapapasa kama kuna uvimbe kwenye msuli huo, hakuuona. Kisha akamgeuza kifudifudi mezani. Mzee akaweka uso pale kwenye shuka kama mtu anayesujudu asiyetaka kuinuka. Akainua kichwa kwa pumzi moja, akakiachia.

"Mnamlaza hivi nyumbani?" akauliza.

Nikajibu kwa kujiamini, "Hapana dada, sisi tumesoma. Ni hatari."

Akacheka, lakini si kwa kebehi. "Baba, mmesoma nusu ya ukurasa. Akilala, chali. Akiwa macho na wewe unamtazama, kifudifudi."

Hapo ndipo nilipopata kisa chenyewe, na nakiandika kwa sababu hakuna aliyewahi kunisimulia. Zamani huko Ulaya na Marekani wazazi wengi walikuwa wakishauriwa kuwalaza watoto kifudifudi, hata usiku. Baadaye ikadhihirika kwamba hao ndio waliokuwa wakifa zaidi usingizini. Mwaka 1992 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kikashauri wasilazwe hivyo tena, na mwaka 1994 ikaanza kampeni ya nchi nzima ya kuwalaza chali. Katika miaka iliyofuata vifo vile vikapungua kwa zaidi ya nusu. Lakini kliniki zikaanza kupokea watoto wengi wenye visogo bapa, na wengine waliochelewa kidogo kupinduka na kutambaa, kwa sababu wazazi kama mimi walisikia "chali" wakaacha tumbo kabisa. Ndipo nusu ya pili ya ushauri ikaanza kusisitizwa: muda wa kulalia tumbo, mchana, mtoto akiwa macho.

Kuhusu kichwa alinituliza. Fuvu la mtoto mchanga ni vipande ambavyo bado havijaungana, ndiyo maana utosi unadunda, na ndiyo maana kinachogandamizwa mahali pamoja kwa saa nyingi kinabonyea. Kwa sababu hiyo hiyo, ukiondoa mgandamizo mapema, kikiendelea kukua kinajijaza chenyewe. Ubongo haujaguswa. Lakini mtoto anayelalia tumbo hapati kichwa tu. Kila anapoinua uso anafanyisha kazi shingo, mabega, mikono na mgongo, vitu ambavyo atavihitaji apinduke, akae, atambae, mpaka siku ya kusimama dede. Chali, alisema, mtoto anatazama tu. Kifudifudi ndipo anapoinyanyua dunia.

Nikamuuliza kuhusu mto. Lazima niungame hapa: usiku uliotangulia nilikuwa nimeshamshonea Mzee mto mdogo wenye tundu katikati, nilioona picha yake kwenye simu, unaouzwa kwa ajili ya kurekebisha kichwa. Niliutoa kwenye mfuko kwa majivuno. Dada akaushika, akasifu mshono, akaniambia nikautumie kuchomekea sindano. Mahali anapolala mtoto hapatakiwi mto wa aina yoyote, wala blanketi zito, wala mdoli, kwa kuwa vinaweza kumziba pumzi. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari dhidi ya mito hiyo hiyo ya kutengeneza vichwa. Mto ule uko mezani kwangu mpaka leo, umejaa sindano.

Swali langu la mwisho lilikuwa la fundi: kiasi gani? Akanipa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, kilichotolewa mwaka 2019: mtoto ambaye bado hajaanza kutambaa apate angalau dakika 30 kwa siku za kulalia tumbo akiwa macho, zikigawanywa. Zikigawanywa ndilo neno lililoniokoa. Mtoto aliyezaliwa juzi anaanza na dakika moja, mbili, tatu, mara mbili au tatu kwa siku, na si lazima chini. Hata kitovu hakijaanguka, kifua cha mzazi kinatosha. Nusu saa ni mahali pa kufika, si pa kuanzia.

Tukarudi nyumbani na furaha ya watu waliopewa dawa ya bure, na siku ile ile nikaharibu. Kwanza nilimlaza mara tu baada ya kunyonya. Maziwa yote yakarudi, mkeka ukanuka siku mbili. Nikajaribu juu ya kitanda, nikidhani namfanyia hisani. Godoro la sponji likambonyea, uso ukazama, nikamnyakua kwa hofu. Mara ya tatu nilichagua sehemu nzuri, sakafuni, juu ya mkeka na kanga mbili, lakini nikachagua saa mbaya: alikuwa na usingizi. Alilia kilio ambacho jirani yangu muuza nazi aliacha kukuna akaja kuuliza kuna nini.

"Utamvunja shingo huyo," akasema. "Utosi wenyewe haujafunga."

Ilinichukua kama wiki kujua saa zake. Saa nzuri ilikuwa baada ya kubadilishwa nepi asubuhi, ameshalala vya kutosha na hajanyonya karibuni, tumbo halijajaa na njaa haijaanza. Nilianza kwa kujilaza mimi chali, namweka kifuani kwangu, uso kwa uso. Chini alikataa, kifuani hakukataa. Aliinua kichwa kuzitafuta ndevu zangu, anatikisika kama kobe, ananitazama kama mtu anayechungulia juu ya ukuta wa jirani, kisha kichwa kinarudi kifuani. Sekunde kumi, pengine ishirini. Mke wangu akawa anamlaza kwenye mapaja yake, kiganja kimoja kwenye makalio ya mtoto. Kiganja hicho si cha kumpapasa tu: ukiyagandamiza makalio taratibu, uzito unarudi nyuma na kichwa kinakuwa chepesi kuinuka. Jaribu mwenyewe sakafuni, utaona.

Kwa chini tulimsaidia kwa kanga kuukuu. Niliiviringisha mpaka ikawa nene kama kifundo cha mkono wangu, nikaipitisha chini ya kifua chake, kwapani kwapani, mikono yake nikaitoa mbele, viwiko chini ya mabega. Mtoto mwenye mikono iliyobanwa chini ya kifua hawezi kuinuka, ndiyo maana analia; mtu mzima naye angelia.

Lakini kilichomgeuza Mzee hasa ni cherehani. Yangu ni ya kukanyaga, yenye gurudumu kubwa chini na mkanda wa ngozi. Siku moja nilikuwa nimemlaza mkekani hatua tatu kutoka hapo, nikaanza kushona. Gurudumu likazunguka. Mzee akanyanyua kichwa na kukiacha juu. Nikaacha kukanyaga, kichwa kikashuka. Nikakanyaga, kikapanda. Nikamwita mke wangu aje aone, tukacheka mpaka mteja akaondoka. Tangu siku hiyo nilimlaza cherehani ikiwa upande wake wa kushoto, ule upande ambao shingo ilikuwa inaukataa, na alivyotaka kuliona gurudumu ndivyo alivyojinyoosha msuli wake mwenyewe, bila mimi kumshika. Kitandani nako tukamgeuza, kichwa kikaenda kulikokuwa na miguu, ili mlango uwe kushoto.

Dakika nilikuwa nazihesabu kwa mishono. Upindo wa gauni la mtu mzima ni kama dakika nne nikishona bila haraka. Mifuko miwili ya suruali ni zaidi, hiyo hakuiweza mpaka alipofika miezi minne. Asubuhi upindo mmoja, kabla ya adhuhuri mwingine, alasiri mwingine. Siku akigoma, amegoma, nambeba. Na kumbeba nako si hasara, kwa kuwa mtoto aliye wima kwenye mbeleko kisogo chake hakigandamizwi na kitu.

Sakafu ya fundi, hata hivyo, si ya kulaza mtoto hivi hivi. Ina pini, vifungo, vipande vya sindano. Niling'oa sumaku kwenye spika mbovu, nikaifunga kwenye mpini wa ufagio, na kila asubuhi kabla ya kutandika mkeka napitisha. Siku ya kwanza ilikusanya pini kumi na moja. Vifungo havishikwi na sumaku. Hivyo naviokota kwa macho na magoti.

Likizo ya uzazi ya mke wangu, siku 84 za kisheria, ilikwisha Mzee akiwa bado mdogo, na yeye ni mwalimu. Shule haiko mbali, na sheria inampa mama anayenyonyesha muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, jumla isiyozidi saa mbili kwa siku, kwa hiyo alikuja mchana. Asubuhi aliacha maziwa aliyoyakamua, nikamnywesha kwa kikombe. Ndivyo nilivyobaki na mtoto dukani, na ndivyo nilivyofanya kosa ambalo bado linaniamsha usiku.

Mama mmoja alikuja kupimwa dira. Mzee alikuwa mkekani, kifudifudi, anachangamka. Nikainuka, nikapima mabega, kifua, urefu, nikaandika. Tukazungumza kidogo bei ya kitambaa. Nikagundua kimya. Nilipogeuka Mzee alikuwa amelala fofofo, uso umeelekea chini kwenye kanga. Nilimgeuza kwa mikono inayotetemeka. Alikuwa mzima, alikunja uso tu kwa kuamshwa. Nilimpima mteja yule dakika tatu, labda nne. Tangu hapo, mteja akiingia, mtoto anainuka kwanza, ananingojea mkononi au mgongoni, na mteja asiyeridhika aende kwa fundi mwingine. Akianza kusinzia mkekani, nampeleka kitandani, chali.

Kioo nacho kilileta maneno. Nina kioo kirefu cha wateja kujitazama, nikakishusha chini, nikakiegemeza vizuri ukutani kisianguke, nikamlaza Mzee mbele yake. Alimpenda sana yule mtoto wa mle ndani. Alimtolea udenda na kumsemesha. Shangazi yangu alipopita akaweka mkono mdomoni: mtoto asiye na meno haonyeshwi kioo. Sikubishana naye. Akiwapo nilikigeuza, akiondoka nilikirudisha. Shangazi amenilea, na kioo ni changu, kila mmoja akabaki na haki yake.

Mama mkwe alikuja Tanga mjini, yaani alikuja kwetu kutoka Makorora, jambo ambalo yeye hulihesabu kama safari, Mzee akiwa na miezi mitatu na kitu. Nilimweleza kwa kirefu habari ya hospitali, msuli, nusu saa, Shirika la Afya Duniani. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu ya mkwe. Halafu akasema, "Sasa mkwe, kwani mie pale beseni nilikuwa nafanya nini siku arobaini?"

Sikuwa na jibu. Nilitazama chini. Alikuwa akimlaza kifudifudi asubuhi na jioni, akimkanda, akimwacha ainue kichwa, na mimi nikiegemea ukuta nikingoja chai. Sisemi kila alichofanya kilikuwa sawa. Alipotaka kumkalisha Mzee ndani ya beseni lililojazwa nguo, eti azoee kukaa, nilimwomba tusubiri, kwani dada wa hospitali alisema kukaa kunatokana na mgongo uliokwisha pata nguvu, na mgongo unazipata huko huko kwenye tumbo. Alinuna kidogo, akasubiri. Lakini jambo hili moja walikuwa wanalijua, yeye na mama yake, nasi tuliliacha Makorora pamoja na beseni.

Idi ya kuchinja ilimkuta Mzee ana miezi minne na nusu. Alikuwa ameshaanza kujiinua juu ya viwiko, kifua kiko hewani, anatazama kulia na kushoto kama mwenye duka. Nikampima mshazari: ile tofauti ilikuwa imebaki nusu. Nikamshonea kofia ya pili. Ilikaa, ingawa ukiwa fundi ungeona. Alipofika miezi mitano akapinduka kutoka tumboni kwenda chali. Kichwa kizito kilimvuta, akaanguka upande, akabaki anashangaa dari. Ni hapo wazazi wengi hupata ajali, mtoto aliyekuwa habanduki jana leo yuko ukingoni mwa kitanda. Tulihamishia mchezo wote chini, na kanga ya kumzinga usiku tukaiacha. Alipoweza kupinduka pande zote mbili mwenyewe, usiku tulimlaza chali kama kawaida, na akijigeuza hatukumrudisha, ila mahali pale pasiwe na mto wala nguo zilizolegea. Alipofika miezi sita alijisukuma kwa mikono iliyonyooka, tumbo likainuka. Shingo ikawa inazunguka kote.

Watu hunifuata sasa kuniuliza, wengi wao akina baba, jambo linalonichekesha. Naweza kuwaeleza mkeka na kanga, na sumaku kama wanashona. Lakini akiniambia mtoto wake anageuza kichwa upande mmoja tu, au amefika miezi mitatu, minne hainui kichwa kabisa, au alizaliwa njiti, simpi somo. Namwambia aende kliniki wiki hii, wala asingojee Idi kama nilivyongojea mimi.

Kofia ya tatu niliishona kwa Maulidi. Mzee alikuwa na miezi saba na nusu na tayari anatambaa, kinyumenyume kwanza, kisha mbele, moja kwa moja mpaka kwenye gurudumu. Kanyagio nimelifunga kamba, nalifungua nikishona. Kofia ilikaa sawasawa, nikaizungusha kichwani kutafuta kasoro, sikuipata.

Siku hiyo mama mkwe alikuja mapema, akaomba beseni, akisema mjukuu hawezi kwenda kwenye Maulidi bila kukogeshwa na mtu anayejua kukogesha. Akaketi chini, akanyoosha miguu yake, akajifunga kanga. Tukamlaza Mzee kifudifudi juu ya miundi yake kama zamani. Akainua kichwa, akaweka viganja sakafuni, akasukuma, na kabla maji hayajamfika mgongoni akawa ameshavuka goti la bibi yake, anaelekea kwenye cherehani, uchi, anacheka.

Mama mkwe alimtazama, akakunja miguu.

"Huyu tena wa kukogeshwa wima," akasema. "Nipeni kata."